Ng'ombe Niliyemtaja Kasungami

Goti langu la kulia limekataa pikipiki, na daktari amelisikiliza goti kuliko alivyonisikiliza mimi. Basi nimerudisha megaphone, nimerudisha glasière, lile sanduku la baridi la kubebea chanjo, nimerudisha na ile gileti, kizibao chenye maandishi mgongoni. Ninyi vijana mliobaki mmeniomba niandike namna kazi ya kutangaza chanjo ilivyokuwa. Nitaandika. Shule yangu iliishia mwaka wa tano wa primaire, lakini Kiswahili cha kuandika nilikipata kanisani, kwenye vitabu vya nyimbo na karatasi za matangazo, na kati yenu wote wenye diplome hakuna anayeweza kusimamisha soko zima kwa sauti kama mimi. Hiyo naisema mapema ili tusipoteze wakati.

Nilianza na makala, yaani mkaa. Nilikuwa nasukuma baiskeli yenye magunia kutoka upande wa barabara ya Kasenga, siku mbili kufika Lubumbashi, na nikifika nilikuwa nauza kwa mdomo, si kwa ubora wa makala. Papa Paluku, mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, alinisikia siku moja nikibishana na muuza makala mwenzangu mbele ya depo yake. Akatoka, akasema, "Sauti hii inapotea bure." Akanipa megaphone nitangaze sardini, chumvi na vitenge. Watu wakaniita Bafle, kwa sababu nilikuwa kama lile sanduku la muziki la kwenye harusi. Kisha watu wa zone ya afya wakaja kuniazima kwa siku tatu za kampeni ya polio. Papa Paluku alikubali kuniazimisha, lakini sikumrudia tena. Hakuna mtu aliyenisukuma wala kunivuta. Nilijiinua mwenyewe, na mpaka leo nikipita Kasungami, pembeni ya Lubumbashi, watoto wanaita, "Bafle! Bafle!"

Siku ya kwanza kwenye kituo cha afya cha Kasungami nilifika na viatu vilivyopakwa rangi. Infirmière titulaire, yaani mkuu wa kituo, alikuwa Mama Euphrasie, mwanamke mwembamba wa kutoka kaskazini ya Katanga, binti wa mfanyakazi wa reli. Alikuwa anatembea haraka kama mtu anayewahi treni ya babake.

"Papa, unaitwa nani?"

"Mama, bantu banajua jina yangu mpaka mutaa ya Kenya, pale mujini. Bafle."

"Nakuuliza jina, sikuulizi kelele."

"Banza."

"Papa Banza, karibu. Beba hii." Akanipa glasière.

Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu ambacho ninyi mnafikiri nilizaliwa nacho. Kwamba vidumu vya plastiki vyenye barafu havitiwi ndani vikiwa vikavu kama jiwe; unaviacha mezani mpaka usikie maji yakicheza ndani, la sivyo chanjo nyingine zinaganda na kufa, na hakuna atakayejua isipokuwa ugonjwa. Kwamba kile kiduara juu ya chupa kina mraba mdogo katikati, na joto likiufanya mraba mweusi kama kiduara, chupa hiyo ni takataka hata kama imetoka kwa waziri. Kwamba chanjo ya surua ni unga, ina maji yake, na ukishauchanganya una saa chache tu. Mimi nilikuwa nabeba na kutangaza, sindano haikuwa yangu. Lakini alitaka nijue ninachobeba.

Kuhusu kutangaza alinipa sheria moja. "Sema siku, sema mahali, sema ugonjwa. Ukimaliza, nyamaza." Nilimwambia kwamba kwa Papa Paluku nilikuwa nasifu sardini nusu saa nzima. Akasema, "Sardini haiogopeshi mama wa mtu."

Sasa nifike kwenye neno. Alasiri moja mvua ilitufungia kituoni, na mimi sipendi kubeba kitu nisichojua jina lake limetoka wapi. Nikamuuliza, "Mama, vaccin maana yake nini?" Alifurahi. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Alisema zamani ndui ilikuwa inaua watu na kuwaacha wengine na mashimo usoni. Huko Uingereza, wasichana wanaokamua maziwa walikuwa wanapata vipele mikononi, ugonjwa mwepesi wa ng'ombe, na baadaye ndui ilikuwa inawapita. Daktari mmoja wa vijijini akachukua majimaji ya kipele cha msichana, akamtia mtoto mkononi kwa kumkwaruza, na ndui haikumshika yule mtoto. Kilatini wanamwita ng'ombe vacca, kwa hiyo dawa ikaitwa vaccin. Baadaye Mfaransa mmoja mwenye elimu kubwa akasema dawa zote za namna hiyo zichukue jina hilo hilo kwa heshima ya yule wa kwanza, hata zile ambazo hazina habari yoyote na ng'ombe.

"Na chanjo?" nikauliza.

"Chanjo ni ya kwetu. Kuchanja ni kukata. Nyanya yako hakukukata na wembe akapaka dawa?"

Nikafungua shati nikamwonyesha alama tatu kifuani. Akacheka. Akasema ile ya ndui nayo ilikuwa inakwaruzwa kwenye mkono, ndiyo maana Waswahili walipoiona wakaiita kwa kitu walichokijua. Wazungu waliitaja dawa kwa mnyama, sisi tukaitaja kwa kidonda. Kisha akanyoosha kidole. "Hii nakupa wewe, Papa Banza. Usiitie ndani ya megaphone."

Nilishika neno lile kama mtu aliyepewa shati jipya. Nilikuwa nalirudia peke yangu juu ya pikipiki. Vacca. Vacca.

Mwaka uliofuata kukawa na siku ya chanjo ya surua, kwenye uwanja wa parokia ya Kasungami. Asubuhi nzuri. Wamama walikuwa wamejipanga tangu mapema, wengine wametoka shambani na udongo miguuni. Mama Euphrasie alikuwa ameshachanganya chupa ya kwanza. Watoto watatu walikuwa wamechanjwa na wanalia. Wa nne alikuwa Gracia, binti wa Mama Numbi, umri wake kama miaka miwili, mkono wa gauni umeshapandishwa mpaka begani. Mama Numbi nilikuwa namjua, alikuwa anauza mihogo njiani pale.

Nilikuwa nimemaliza kutangaza. Nilipaswa kunyamaza. Akapita Maître Kalenga, mwalimu wa shule ya pale, mtu wa kalamu mbili mfukoni, akasimama na wenzake.

"Bafle, unapiga makelele kila siku vaccin, vaccin. Unajua maana yake, ao unaimba tu kama kasuku?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Muache, maître. Ule njo profesa wa sardini."

Ningeweza kucheka nao. Mtu mwenye akili angecheka. Mimi niliwasha megaphone.

Nikasema, wamama na wapapa, leo mtajua. Vaccin ni Kilatini! Vacca! Ng'ombe! Dawa hii ilitoka kwa ng'ombe mgonjwa, kwenye vipele vya matiti yake, wakatoa usaha wakamtia mtoto mkononi! Nililisema vizuri. Nilitua mahali pa kutua. Nilimtazama Maître Kalenga, nikaona tabasamu limemfutika, na nikaongeza sauti. Yule daktari nilimsahau, ndui niliisahau, na kwamba surua si ugonjwa wa ng'ombe wala haikuwahi kuwa, sikulisema kabisa. Nilikuwa nimeshashinda, ya nini kuendelea?

Mama mmoja wa kikundi cha maombi akasema, "Usaha ya ng'ombe? Mu mwili ya mutoto yangu?"

Mwingine nyuma akauliza, "Sasa atalia mooo?" Watu wakacheka, lakini kicheko cha kuondoka. Mama Numbi alikuwa wa kwanza kushusha mkono wa gauni. Alimbeba Gracia mgongoni, akafunga kitenge, akaenda. Mstari ukakatika kama uzi. Mama Euphrasie alisimama na sindano mkononi. Hakunigombeza. Alingoja saa zile zipite, mtu akirudi arudi, kisha akaitupa chupa iliyobaki na dawa karibu yote ndani.

Wiki ile daktari wa zone akaitisha mkutano kwenye salle, ukumbi wa parokia. Walikuja wakuu wa avenue, yaani wa mitaa, wamama wa maombi, Mama Numbi naye alikuwepo na mtoto mgongoni. Daktari akauliza kwa hasira, "Nani alileta habari hii ya ng'ombe?"

Watu wakanitazama. Nilisimama. Hapa, vijana, mjue kwamba sikusema uongo. Ningesema uongo pengine ingekuwa nafuu, kwa sababu uongo una siku yake ya kukamatwa. Nilisema, "Docteur, neno hilo nililipata kwa Mama Euphrasie."

Yeye alikuwa amekaa mbele, mikono juu ya magoti. Alinitazama. Kisha akasema, "Ni kweli. Mimi ndiye niliyemwambia." Hakuongeza kwamba alinikataza. Nilingoja aongeze ili nami nijitetee, kisha nikakaa, na moyoni nikasema, Banza, umepona.

Salle nzima ikageuka kwake. Mama wa maombi akasema, "Kumbe yeye! Na uso yake ya upole."

Surua ilifika kabla ya mahindi kukomaa. Iliingia avenue moja ikatoka nyingine, na Gracia akaugua. Tulisikia ana vipele, homa, na macho mekundu yaliyofumba. Mama Euphrasie akachukua vidonge vya vitamini A, vile vyekundu laini unavyokata ncha kwa makasi na kuminya matone mdomoni. Alinieleza njiani, akitembea mbio, kwamba surua inakula akiba ya macho, na mtoto aliyekosa lishe anaweza kupofuka siku chache tu, lakini matone yale, leo na kesho, yanaweza kuyaokoa. Mimi nilikuwa nyuma yake na glasière begani.

Mama Numbi alitoka mpaka kwenye mlango wa uzio na kuushika.

"Kwangu hauingie."

"Mama, si sindano. Ni matone tu, ya macho yake."

"Ya ng'ombe gani tena?"

"Mama Numbi, nakuomba. Nipe dakika moja."

"Weye njo ulileta maneno ya ng'ombe, tulisikia sisi bote mu salle. Halafu unakuja na vidonge bya nyekundu. Nyekundu kama nini? Uende!"

Mama Euphrasie alipiga magoti. Mwanamke yule, mkuu wa kituo, alipiga magoti kwenye vumbi na kidonge kwenye kiganja. Na akanigeukia. Alinitazama tu kama unavyomtazama mtu aliyeshika ufunguo.

Ilihitajika sentensi moja tu. "Mama Numbi, ni mimi, na nilisema vibaya." Mimi ninayesimamisha soko. Mimi ambaye sauti yangu inafika avenue ya tatu bila mashine. Nilitazama glasière, nikarekebisha mkanda wake begani, mkanda ambao haukuwa na tatizo lolote. Mlango ukafungwa. Ndani tulimsikia mtoto akilia, kilio kikavu, cha mtoto asiyeweza kufumbua macho.

Gracia hakufa. Jicho la kushoto likawa jeupe lote kama yai. La kulia linaona mwanga wa dirisha na si zaidi.

Mama Euphrasie alihamishiwa upande wa Kambove, na pale Kasungami watu walimkumbuka kwa kusema tu, "Yule wa ng'ombe." Siku anaondoka nilimbebea mabegi mpaka kwenye gari. Aliniambia nisisahau kuacha barafu itoe jasho kwanza. Hiyo ndiyo iliyokuwa kwaheri yake. Mimi nikabaki, nikajulikana, na kila mkuu mpya aliyekuja aliambiwa, ukitaka watu, mchukue Bafle. Miaka mingi ilipita hivyo. Watu wengi wamechanjwa kwa sauti yangu, hilo ni kweli na sitalificha. Lakini avenue ya Mama Numbi nilikuwa naipita kwa mwendo wa juu.

Mliponifanyia sherehe ya kuniaga, mmoja wenu alisimama akasema Papa Banza hajawahi kumwogopesha mama hata mmoja. Mkapiga makofi. Niliweka soda yangu chini. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa Mama Numbi kwa miguu, na goti lile lile.

Amezeeka, lakini ule mlango wa uzio ni ule ule. Gracia alikuwa amekaa uani anasuka nywele za jirani, vidole vinakwenda vizuri bila macho kuliko vya wengi wenye macho. Nilisalimia.

Gracia akainua uso. "Papa Bafle! Sauti yako naijua. Wakati nilikuwa mutoto nilikuwa naipenda. Nilikuwa nakimbia uzioni nikiisikia."

Nilitaka kurudi. Nilikaa. Nikamweleza mama yake yote: Maître Kalenga, megaphone, salle, na siku ile ya kidonge. Kwamba Mama Euphrasie alinikataza na mimi nikamtwika kosa kwa maneno ya kweli. Jirani aliyekuwa anasukwa aliacha kutikisa mguu.

Mama Numbi hakulia wala hakunitukana. Aliuliza, "Ile siku ulikuwa unasimama pale?"

"Pale kwenye mti wa mpapai."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

"Miaka yote hii, Papa Banza, miye nalaani mwanamuke ule bure. Nilimufukuza akiwa amepiga magoti. Nilimutemea mate nyuma." Alitazama mikono yake. "Haya ya kwako umekuja kuyatua. Sasa ya kwangu nitayapeleka wapi?"

Akauliza kama yule mama bado anaishi. Nikasema anaishi, yuko Kambove kwa binti yake. Akaomba namba ya simu, akatoka nje ya uzio na kuongea huko peke yake, muda mrefu. Walichosemezana sikukijua na sikuuliza. Gracia aliendelea kusuka. Nikasema, "Mwanangu, unisamehe." Akajibu, "Papa, niache kwanza nimalize hii nywele," na hakuisema kwa ubaya. Mpaka leo hajamaliza, na mimi sijamharakisha.

Mama Numbi aliporudi alisimama juu yangu. "Ulimuharibia jina mu salle, mbele ya bantu. Halafu unakuja kumutengenezea jina mu uwanja yangu, bantu bane tu? Hapana, papa. Uende mbele ya bantu."

Jumapili baada ya misa, wakati wa matangazo, padri alinipa nafasi. Nilisimama mbele bila mashine. Nikasema: wale wakubwa mnakumbuka habari ya ng'ombe. Aliyeisema ni mimi. Mama Euphrasie alinikataza, na mlipomgeukia niliwaacha mmgeukie. Hakufanya kosa lolote hapa Kasungami. Kosa lilikuwa langu, na deni la macho ya Gracia liko juu yangu. Mama Numbi alikuwa benchi ya tatu. Alitazama altare muda wote.

Mzee mmoja nyuma akainua mkono.

"Papa Banza, tumesikia. Lakini ile dawa yenyewe, iko ya ng'ombe ao hapana?"

Wamama wenye watoto mapajani wakaniangalia, vijana kabisa, ambao siku ile walikuwa hawajazaliwa au walikuwa wenyewe mgongoni. Nikasikia maneno yote yakinipanda kooni, matamu kama zamani: wasichana wa maziwa, daktari wa vijijini, vacca. Nayajua vizuri, na safari hii ningeyasema mpaka mwisho.

Infirmière mpya wa kituo alikuwa amekaa pembeni na kwaya. Nikasema, "Mama infirmière yuko hapa. Anajua kuliko mimi." Nikakaa kwenye benchi la wanawake, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na goti langu.

Alisimama. Akasema chanjo ya kwanza kabisa, ile ya ndui, ilitokana na ugonjwa mwepesi wa ng'ombe, na jina likabaki hata ng'ombe alipoondoka. Hizi za leo kila moja ina ugonjwa wake, ile ya surua inaufundisha mwili wa mtoto kuitambua surua kabla haijagonga mlango. Hakuinua sauti. Mama aliyekuwa kando yangu akamgeuza mtoto wake upande wa pili na kumuuliza infirmière homa ya baada ya sindano inakaa siku ngapi. Mwingine akauliza kama mtoto mwenye mafua anaweza kuchanjwa. Wakaendelea kumuuliza, yeye akawajibu mmoja mmoja, na hakuna aliyenitazama tena.